Samaki wa Kupaka na Bia ya Ngano: Mjadala wa Sinia la Tanga

Anapotokea mtu wa Tanga aliyekaa Ujerumani, iwe kwa masomo, kwa ndoa au kwa kazi za meli, mazungumzo ya chakula hayapiti bila kugusa bia. Atasema kule Bavaria kuna bia nyeupe ya ngano, na kwamba bia hiyo ingekaa vizuri mno na samaki wa nazi. Hapo baraza hugawanyika. Wapo wanaotamani kuonja. Wapo wanaosema pwani ina vinywaji vyake, haina haja ya kukopa. Na wapo wanaouliza swali lililo zito zaidi: chupa hiyo ikiwekwa mkekani, nani atalazimika kuinuka?

Swali hili linastahili kujadiliwa kwa heshima, kwa sababu linagusa upishi wetu, historia yetu na namna tunavyokaa pamoja. Nimelipanga kama mdahalo wa sauti nne. Wazungumzaji nimewabuni, lakini hoja wanazozibeba ni za watu wa mwambao huu. Yupo Baharia mstaafu, Mbondei wa Muheza na Mwanglikana, aliyefanya kazi melini na kukaa Hamburg. Yupo Mpishi, mama wa Pangani anayepikia harusi na wageni. Yupo Mwalimu wa Ngamiani, aliyestaafu shule ya serikali na bado anasomesha madrasa. Na yupo Mgema wa upande wa Mkinga, anayeishi kwa minazi yake. Mimi ni mwenyekiti.

Mada inasema: Bia ya ngano ya Kijerumani inastahili nafasi kwenye chakula cha nyumbani cha pwani ya Tanga.

Duru ya kwanza: ladha

BAHARIA: Nakushukuru mwenyekiti. Nawasalimu wazee wangu na dada yangu Mpishi. Naunga mkono mada, na naanza na kilichomo ndani ya glasi. Bia tulizozizoea hapa, Safari, Kilimanjaro, Serengeti, zote ni za jamii ya laga: zimechujwa, zinang'aa, na zinanyweka zikiwa baridi sana. Bia ya ngano ni ukoo mwingine. Sheria ya Ujerumani inataka angalau nusu ya kimea chake kiwe cha ngano. Hamira yake hufanya kazi kwenye joto la nyuzi 20 hivi na hupanda juu ya pipa, wakati ile ya laga hutaka baridi na hutua chini. Hamira hiyo ikila sukari ya kimea huzaa harufu mbili, ndizi mbivu na karafuu. Hakuna aliyetia ndizi wala karafuu humo. Ni kazi ya hamira peke yake. Uchungu ni mdogo, povu zito, gesi nyingi, na rangi ni ya ukungu kwa sababu hamira na protini za ngano havikuchujwa. Niambieni, kinywaji chenye harufu ya karafuu kitakuwaje kigeni kwa watu wanaotazamana na Pemba?

MPISHI: Kaka yangu, harufu peke yake hainitoshi. Nataka kujua kinywaji hicho kinafanya nini mdomoni baada ya tui. Chukua samaki wa kupaka. Nampasua changu au kolekole mgongoni, namtia chumvi, ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili, namweka kwenye mkaa mpaka ngozi ikaze. Pembeni nina tui zito, limechemka na ukwaju, bizari na pilipili mpaka likashikana. Napaka, nageuza, napaka tena, na kila tui linapodondokea mkaa moshi wake unamrudia samaki. Chakula hicho kina mafuta ya nazi, ukali wa ukwaju, moshi na pilipili kwa pamoja. Ukifika tonge la tatu, ulimi umefunikwa na tui. Kinywaji chake sharti kioshe. Kikiwa kitamu kama soda, mdomo unachoka. Kikiwa kichungu, uchungu na pilipili vinashikana na moto unapanda.

BAHARIA: Dada, umeieleza hoja yangu vizuri kuliko nilivyoieleza mimi. Gesi ya bia ya ngano husugua ulimi, uchachu wake mdogo hukata mafuta, na uchungu wa kuchochea pilipili karibu haupo. Wajerumani wenyewe walishaliona hilo kwa chakula chao. Kule Bavaria huinywa asubuhi, kabla ya saa sita, pamoja na soseji nyeupe za nyama ya ndama, haradali tamu na mkate wa kusokotwa wenye chumvi. Soseji ile ni laini, ina mafuta, viungo vyake ni vya upole. Bia kali ingeifunika. Hii huinyanyua. Wali wa nazi na samaki ni ulaini ule ule, tena wenye viungo bora.

MPISHI: Kwa samaki wa kupaka nakubali. Hata kwa pweza wa nazi nakubali, mradi pilipili iwe ya kiasi, maana gesi na kileo navyo huamsha pilipili. Kwa pilau sikubali kabisa. Pilau yangu ina karafuu, mdalasini, iliki, pilipili manga na bizari nzima, na kila kimoja nimekipima. Ukija na kinywaji chenye karafuu juu yake, karafuu inawameza wenzake na nyama haionekani tena. Kiungo kilichokwisha kuwamo sufuriani hakitafutwi tena kwenye glasi.

BAHARIA: Lakini pembeni ya pilau wewe mwenyewe huweka ndizi mbivu.

MPISHI: Naiweka kwa sababu ni tamu na ni laini, inapumzisha ulimi kati ya tonge na tonge. Mlaji anaimega anapotaka na kuiacha anapotaka. Kinywaji hakikupi hiari hiyo, kinapita juu ya kila kitu. Pilau inataka kachumbari na kitu baridi chenye uchachu. Mimi huweka mtindi.

MGEMA: Mwenyekiti, nimewasikiliza kwa makini. Wamesema kinywaji cheupe chenye ukungu, kisichochujwa, chenye gesi yake ya asili, uchungu hakina, uchachu kidogo, hamira imo ndani. Hayo yote ni sifa za tembo la mnazi. Napanda alfajiri na jioni. Nakata ncha ya karara changa kwa kotama, ukate mwembamba tu, kisha nafunga na kuning'iniza kibuyu. Maji ya mnazi yanadondoka humo tone kwa tone, na hamira ya hewani inaanza kazi kabla sijashuka. La asubuhi ni tamu, lina gesi ya kuchoma ulimi kwa upole. La jioni limeshakolea. Likilala linachacha, na likikaa siku kadhaa ni siki. Mnataka kinywaji cha kuosha tui? Tui na tembo vimetoka mti mmoja.

MPISHI: Siki hiyo naijua, achari yangu ya embe haiendi bila siki nzuri.

BAHARIA: Tembo nalipenda, mzee wangu. Shida yake ni kwamba halina hakika. Nikinunua chupa ya Bavaria leo na mwakani, ladha ni ile ile. Tembo la jana si la leo, la mgema huyu si la yule. Na wahenga walishatuonya: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

MGEMA: Methali hiyo inatuchunga, na nashukuru ipo. Ila usimhukumu mgema kwa mwanagenzi. Anayejua kazi husuuza kibuyu kila safari, kwa sababu masalia ya jana hulichachua la leo. Hujua mnazi upi una maji matamu na upi upumzishwe. Hiyo ni elimu. Mjerumani akitunza hamira yake mnamwita fundi. Na mimi natunza.

MWENYEKITI: Ngoja hapo. Baharia, kabla hatujaendelea, tueleze inavyomiminwa, kwa maana kinywaji nacho kina adabu zake.

BAHARIA: Glasi yake ni ndefu, nyembamba chini na pana juu, huchukua nusu lita. Huoshwa kwa maji baridi na kuachwa na unyevu, ili povu lisifure mno. Unailaza glasi karibu kulala kabisa, unamimina taratibu ubavuni. Chupa ikibakiza vidole viwili unasimama, unaizungusha ili hamira iliyotuama chini iamke, kisha unamalizia. Hamira ile ndiyo inayotia ukungu. Huinywa ikiwa na baridi ya wastani, nyuzi 7 hadi 10 hivi. Ikigandishwa, harufu zote zinalala. Kwa joto la Tanga nashauri glasi ndogo, mtu amimine kidogo kidogo, maana ikipata vuguvugu inapoteza gesi na utamu wake unakuwa mzito.

Duru ya pili: historia

MWALIMU: Bismillahi. Mwenyekiti, napinga mada, na sitaanza na dini. Nitaanza na kumbukumbu. Ujerumani haikufika mwambao huu kama mgeni wa chakula. Mwaka 1888 watu wa Pangani walisimama na Abushiri bin Salim dhidi ya kampuni ya Kijerumani iliyokuja kuchukua forodha na kupandisha bendera yake. Desemba 1889 Abushiri alinyongwa papo hapo Pangani. Mwaka 1893 reli ya Usambara ilianza kujengwa kutoka Tanga, na mwaka huo huo Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Ikanusurika miche 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Miche hiyo ikazaa mashamba yaliyomeza vijana wa nchi nzima kama manamba, yaani vibarua wa mkataba. Baadaye, chini ya mkoloni, Mwafrika alizuiwa kwa muda mrefu kununua pombe za chupa za Kizungu, na tembo la wazee wetu likawekewa vibali na faini. Kwa hiyo mtu anaponiambia bia ya Kijerumani ina haki ya kukaa kwenye sinia letu, namwomba akumbuke kwanza nani alikuwa na haki ya kukaa wapi.

BAHARIA: Mwalimu wangu, hayo yote ni kweli, na watoto wetu wanapaswa kuyasoma. Lakini bia ya ngano yenyewe ina historia ya kunyimana. Amri ya bia ya Bavaria ya mwaka 1516 iliruhusu shayiri, hopsi na maji tu. Ngano ilitakiwa ibaki kwa mkate. Ukoo mmoja wa kikabaila, Degenberg, ukapewa kibali cha peke yake cha kupika bia ya ngano. Ukoo huo ulipokatika mwaka 1602, mtawala Maximilian wa Kwanza akakichukua kibali na kukigeuza mapato ya serikali yake. Watu wa kawaida walibaki nje kwa vizazi. Ni mwaka 1872 ambapo mpishi wa bia Georg Schneider alipata haki ya kuipika kutoka kwa ufalme. Kwa hiyo simwoni mtawala wa kikoloni ndani ya glasi hii. Namwona fundi aliyedai ruhusa ya kufanya kazi yake.

MWALIMU: Umejibu vizuri kwa upande wa Bavaria. Kwa upande wa Tanga hujajibu.

BAHARIA: Najibu sasa. Tukiondoa kwenye sinia kila kilichokuja na mkoloni au mfanyabiashara, tutakula nini? Muhogo, nyanya na pilipili vilitoka Amerika na Wareno. Chapati na biriani zimevuka bahari kutoka Bara Hindi. Karafuu yenyewe ilipandwa Unguja na Pemba mwanzoni mwa karne ya 19, kwao ni visiwa vya Maluku huko Asia. Hata mkonge ulioutaja, leo ndio fahari ya Tanga. Pwani haijawahi kuuliza kitu kimetoka wapi. Imeuliza kinapikwaje.

MPISHI: Hapo umejifunga mwenyewe, kaka. Kinapikwaje, ndiyo. Chapati ilikuja, mikono ya hapa ikaikunja na kuikandia tui. Muhogo ulikuja, tukaupika kwa nazi, tukauchoma kwa chachandu. Kila kilichokaa hapa kilibadilishwa kwanza na jiko la hapa. Bia yako inakuja imefungwa kizibo. Mimi mpishi sina pa kuingiza mkono. Kitu nisichoweza kukigusa hakiwezi kuwa cha jiko langu.

BAHARIA: Basi kipikwe hapa. Milima ya Usambara imeshaonyesha njia. Shamba la Irente, karibu na Lushoto, linatengeneza jibini na mkate wa rai. Watawa Wabenediktini wa Sakharani, upande wa Soni, wana zabibu na divai yao. Vyakula vyenye mizizi ya Kijerumani vinatengenezwa na mikono ya Wasambaa kwa maziwa na matunda ya Usambara, na wageni wanapanda mlima kuvifuata. Siku moja fundi wa Tanga atapika bia ya ngano na hapo, dada, mkono wako utaingia.

MGEMA: Na siku hiyo naomba mnikumbuke. Fundi huyo akitafuta hamira inayozoea joto la pwani, aanzie kwenye kibuyu changu.

MWALIMU: Nakubali kwamba chakula husafiri. Sikubali kwamba kila kinachosafiri kina haki ya kukaribishwa. Mgeni hukaribishwa na mwenyeji, na mwenyeji wa sinia ni wote wanaolila. Tuingie huko sasa.

Duru ya tatu: sinia na wanaolizunguka

MWALIMU: Tanga ni mji wa Waislamu wengi na Wakristo wengi waliooana na kuzaliana. Kwetu chakula kinawekwa kwenye sinia moja, mikono inakutana katikati. Sisi tumefunzwa kwamba kinacholevya, kichache chake na kingi chake hukumu ni moja, na tumefunzwa tusikae penye kupitishwa ulevi. Kwa hiyo chupa ikiwekwa pale, sitasusa kwa kiburi. Nitainuka kwa sababu dini yangu inaniinua. Mama yangu atainuka. Wajukuu wataitwa wakae kando. Baharia amesifu kinywaji kinachonyanyua samaki, nami namuuliza: kikimnyanyua samaki na kuwanyanyua watu watatu, tumepata au tumekosa?

BAHARIA: Swali hilo nimelibeba tangu nirudi. Kwetu Muheza ukoo mmoja una wa kanisa la Kianglikana la Magila na wa msikitini. Mjomba wangu Mwislamu akija, chupa haionekani, wala hakuna anayeniagiza. Ila siku niliyo na mke wangu na rafiki zangu wanaokunywa, hiyo nayo ni nyumba, na hicho nacho ni chakula cha Tanga. Mada inasema chakula cha nyumbani, haikusema kila nyumba. Na nina hoja nzito zaidi. Unywaji uliotuharibia vijana ni wa kusimama, tumbo tupu, mbali na macho ya ndugu. Anayekunywa glasi moja akiwa amekaa, anakula samaki, mke na kaka wakimwona, ana breki. Chakula ni breki.

MPISHI: Breki hiyo nani anaikanyaga? Nimepikia nyumba za wanaokunywa, za Kikristo na nyinginezo. Kilabuni mwanamume anajinunulia muhogo wa kuchoma na pweza kwa pilipili na ndimu, analipa, anaondoka. Nyumbani pweza huyo napika mimi. Glasi moja ikiwa mbili, nakaanga tena. Ikiwa tatu, nangoja nioshe vyombo usiku. Kabla hamjasema bia iingie nyumbani, semeni nani anapika, nani anamimina na nani anabaki macho. Mume akipika mwenyewe samaki wake wa kupaka na kuosha sufuria, mimi sina neno.

MGEMA: Hilo la kilabu lina siri ya zamani. Tembo lina vyakula vyake vinavyolifaa, na wazee walivijua bila kufundishwa na mtu: muhogo wa kuchoma, ngisi, dagaa wa kukaanga, pweza wa makaa. Vina chumvi, vina moshi, tembo lina utamu na uchachu. Ila vyote huliwa nje, chini ya mnazi au kilabuni. Sinia la wali lilibaki nyumbani bila tembo. Kwa njia hiyo mnywaji na asiyekunywa waliweza kuwa ndugu na kula pamoja jioni. Hatukuweka mpaka huo kwa kukosa maarifa ya ladha. Tuliuweka ili sinia libaki la wote.

BAHARIA: Basi tuchukue njia ya katikati. Ujerumani wanatengeneza bia ya ngano isiyo na kileo, tena wanariadha wa mbio ndefu hupewa mwisho wa mbio kama kinywaji cha kuwarudishia maji mwilini. Ngano imo, ukungu umo, harufu kwa kiasi kikubwa imo. Mwalimu, hiyo nayo itakuinua?

MWALIMU: Nisome lebo kwanza. Kwa utaratibu wa Ujerumani, bia inaweza kuitwa isiyo na kileo na bado ikawa na kileo mpaka asilimia 0.5. Hiyo ni tofauti na 0.0. Wengi wetu hapa tumeshanunua dukani kinywaji cha kimea kiitwacho Bavaria na kukinywa hata harusini, na inafaa mjue kwamba hicho ni cha Uholanzi, jina tu ndilo la Bavaria. Kinywaji cha kimea kisicho na kileo kabisa sigombani nacho, ingawa wapo mashekhe wanaohimiza tahadhari hata hapo. Ninachokataa ni kuwekewa mbele yangu chupa ya 0.5 na kuambiwa haina kitu. Anayenikaribisha aniambie ukweli wa alichonimiminia. Ukarimu bila ukweli ni kunidhulumu.

BAHARIA: Hilo nalikubali lote. Aliye mwenyeji asome lebo, na aseme.

Swali la baraza: basi tunywe nini?

MWENYEKITI: Kijana mmoja ameuliza kutoka nyuma: mmepima bia ya ngano kwa uchachu, gesi na ulaini. Vinywaji vyetu navyo vikipimwa hivyo hivyo, vitasimama wapi? Mpishi, jibu.

MPISHI: Swali zuri, mwanangu. Kwa samaki wa kupaka na pweza wa nazi nachukua juisi ya mabungo, isiyotiwa sukari nyingi. Ina uchachu wa kukata tui na harufu yake haifanani na kitu kingine. Ukwaju usiweke hapo, maana samaki amekwisha kuupata. Ukwaju uhamishie kwenye bajia, katlesi na mishkaki. Kwa mchuzi wa papa, wenye harufu kali na chumvi, toa madafu: ni matamu kwa mbali, yana chumvichumvi yake, hayashindani. Kwa pilau na biriani, mtindi uliopigwa na chumvi kidogo. Tanga ina bahati ya maziwa. Wafugaji wadogo walijiunga kwenye ushirika, ikazaliwa Tanga Fresh, na mtindi hauko mbali na mtu yeyote. Kwa mihogo ya nazi na mbaazi, chungwa la Muheza lililokamuliwa papo hapo, na tangawizi mbichi imekunwa ndani. Na anayetaka gesi ya kusugua ulimi achanganye mabungo mazito na maji ya gesi, nusu kwa nusu, baridi ya wastani. Ataelewa Baharia alikuwa anasema nini, na hatainuka mtu.

BAHARIA: Ninawiwa kukubali kwamba mabungo na maji ya gesi yamenigusa. Lakini karafuu haimo.

MPISHI: Tumbukiza karafuu mbili kwenye shira ya kutilia utamu, uzitoe kabla haijapoa. Tumemaliza.

Uamuzi wa mwenyekiti

Katika ladha, Baharia ameshinda nusu ya safari. Bia ya ngano inaendana kweli na vyakula vya tui visivyo na viungo vingi vya moto, na sababu zake zinaelezeka: uchungu mdogo, gesi nyingi, uchachu wa kiasi. Mpishi ameshinda nusu nyingine kwa kuonyesha kwamba kufanana kwa harufu si ruhusa. Karafuu ya glasi inaharibu karafuu ya pilau.

Katika historia sikubali kwamba asili ya kitu imfunge mlaji, wala sikubali kwamba kumbukumbu ya Pangani iwekwe kando kwa sababu kinywaji ni kitamu. Kipimo cha Mpishi ndicho ninachokichukua. Kitu huwa chetu mikono yetu inapokibadilisha. Bia inayofika imefungwa inabaki ya mgeni, anywe anayependa, na siku fundi wa Tanga atakapoipika tutaijadili upya.

Katika sinia, mada imeanguka. Mgema na Mwalimu, wawili ambao ungedhani wako mbali kuliko wote, wamesimama mahali pamoja: sinia la pamoja lina thamani kuliko kinywaji chochote kinachoweza kukaa juu yake. Nyumba ya wanaokunywa wote, kwa hiari na kwa kiasi, ina uhuru wake, na namwamini Baharia anaposema glasi yenye chakula ni salama kuliko chupa yenye tumbo tupu. Ila nyumba hiyo itimize masharti ya Mpishi kwanza.

Lakini kuna jambo ambalo naliona ni kubwa kuliko ushindi wa upande wowote. Baharia alisimama hapa akaeleza kwa upendo joto la hamira, umbo la glasi, nyuzi za ubaridi na soseji inayofaa. Wangapi kati yetu wanaweza kueleza hivyo kuhusu mabungo? Mama anakesha na biriani, anaokota mawe ya mchele punje kwa punje, anakaanga vitunguu mpaka viwe rangi ya dhahabu, kisha chakula chake kinashushwa pamoja na kreti la soda zilizochaguliwa na mtu asiyejua kilichopikwa. Hilo ni kosa letu sote, na halihusiani na Ujerumani. Kinywaji ni sehemu ya upishi, na kinastahili kufikiriwa na yule aliyepima chumvi. Harusi ijayo, kabla ya mtu yeyote kuagiza kreti, aende jikoni amuulize mpishi anataka chakula chake kisindikizwe na kinywaji gani, na fedha za soda akabidhiwe yeye.